Tani 16 zilizonirudisha kwenye Sidewinder

Ngao niliitoa mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nimeegesha kituoni, ndani ya gemu ya Elite Dangerous, nikiitazama Python, meli ya angani niliyoisotea wiki nyingi, nikipiga hesabu za mfanyabiashara mwenye haraka. Nafasi moja ya ukubwa wa 4 ilikuwa imekaliwa na ngao. Ukiitoa na kuweka rafu ya mizigo, unapata tani 16 zaidi. Safari kumi, tani 160. Nikaona ngao inanilia faida bure, nikaitoa.

Kwa asiyeijua gemu hii: ilitolewa mwaka 2014 na Frontier Developments, kampuni ya David Braben, yule aliyetengeneza Elite ya kwanza ya 1984 pamoja na Ian Bell. Humo ndani kuna galaksi yetu nzima kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Unaanza na kijimeli kinachoitwa Sidewinder na krediti 1,000, pesa za humo, na hakuna anayekwambia ufanye nini. Unaweza kuwa mchuuzi, mchimba madini, mwinda maharamia au mtu wa kuzurura tu. Mimi nilianza na uchuuzi kwa sababu nilitaka meli kubwa, na nilitaka meli kubwa kwa sababu ni kubwa. Sina maelezo mengine.

Python ina sifa moja inayowapumbaza wachuuzi: inabeba mzigo mwingi kuliko umbo lake linavyoonyesha, halafu bado inatua kwenye viegesho vya kati, vile vya vituo vidogo ambako meli kubwa hazipokelewi. Bei yake ni kama krediti milioni 57. Ninaposema bei, ninasema bei ya gofu, yaani meli kabla hujaiboresha. Meli hutoka dukani na vifaa vya daraja la chini kabisa, na hapo ndipo pesa zako zinapoanza kukimbia kwa kweli.

Kila kifaa kina tarakimu na herufi. Tarakimu ni ukubwa, na lazima kiingie kwenye nafasi yake, kama nati na bolti. Herufi ndizo zilizonichezea. Nilizichukulia kama alama za mtihani: A amefaulu, B anamfuata, E amefeli. Kwa hiyo nikikosa pesa ya A nilikuwa nanunua B kwa furaha, nikijiona mjanja. Kumbe B ni kifaa kigumu, kizito, kilichokusudiwa kustahimili kipigo, na D ndicho chepesi kuliko vyote. Chukua vihisi vya Python, ukubwa wa 6: daraja D vina tani 16, A vina tani 40, B vina tani 64. Nimebeba tani 48 za bure mara ngapi? Sijui, na sitaki kujua.

Ili nifikishe milioni 57 nilikuwa nimeuza Type-6 yangu ya mizigo na Cobra Mk III niliyoipenda kuliko zote. Kisha nikaongeza vifaa vya milioni kadhaa. Sasa ingia hapa kwenye bima. Meli ikiharibika, unalipa asilimia 5 ya thamani yake na vifaa vyake, unarudishiwa kama ilivyokuwa. Mzigo haumo. Kwangu hiyo asilimia 5 ilikuwa zaidi ya milioni 3. Kwenye akaunti nilikuwa na laki saba na ushee, maana zilizobaki zote nilinunulia mzigo.

Rafiki yangu tunayecheza naye alikuwa ameegesha pembeni, akaingia kwenye maongezi ya sauti.

"Kaka, hiyo ngao umeiweka wapi?"

"Nimeitoa."

"Umeitoa ukaweka nini?"

"Rafu."

Akanyamaza kidogo. "Na bima unayo?"

Nikamwambia safari mbili tu, narudisha. Akasema sawa, kwa ile sauti ya mtu aliyeamua kutobishana.

Safari ya kwanza ilikwenda salama, na ndiyo iliyoniponza. Ya pili, haramia alinivuta kutoka kwenye mwendo mkubwa nikiwa karibu kabisa na kituo. Bila ngao kila risasi inaingia kwenye bati moja kwa moja. Niligeuza nguvu zote za umeme kwenye injini, nikakimbia, na nilipofanikiwa kuruka, bodi ilikuwa imebaki asilimia 31. Nikapona. Ningeweza kukaa nje ya kituo, nikavuta pumzi, nikaingia taratibu.

Kituo kikubwa kina mlango mmoja mwembamba unaozunguka pamoja na kituo chenyewe. Unaingia ukiacha taa za kijani upande wako wa kulia, na nyekundu kushoto ni za wanaotoka. Mimi mikono ilikuwa bado inatetemeka, mwendo umezidi, nikaingia katikati kama barabara ni ya baba yangu. Type-9, jitu la mizigo, lilikuwa linatoka. Nilijaribu kupita juu yake. Hakuna juu. Mgongo wa Python ukakwangua fremu ya mlango, tumbo likapanda pua ya jitu lile, na nikasikia ule mlio wa bati ambao kila rubani wa gemu hii anaujua. Kisha skrini nyeupe, kisha ukurasa wa bima.

Mkopo wa dharura haukufika hata karibu. Chaguo lililobaki lilikuwa Sidewinder ya bure. Nikabonyeza, nikazima kompyuta, nikaenda kulala saa moja jioni.

Kupanda tena sitakueleza kwa urefu, kwa sababu ni kazi ya kuchosha na kuisimulia ni kuchosha mara mbili. Nilipeleka barua na vifurushi, nikanunua Cobra tena, nikakaa nayo muda mrefu. Ila katika kipindi hicho nilijifunza jambo ambalo lingeniokoa mapema: vifaa ukiviuza unarudishiwa bei yote, senti haipungui. Anayekatwa ni gofu, asilimia 10. Maana yake unaweza kununua, kujaribu, kutoa, kununua kingine, mpaka uridhike, na hujapoteza kitu. Nilianza kukaa kwenye ukurasa wa vifaa kama mtu anayejaribisha viatu. Nilikuwa pia napanga meli kwanza kwenye Coriolis, kile kikokotoo cha wachezaji, naona uzito na umbali wa kuruka kutoka nyota hadi nyota kabla ya kutoa hata krediti moja.

Na nikaacha kutamani meli kubwa. Nilitaka kwenda mbali. Nilitaka kuliona Sagittarius A*, lile shimo jeusi katikati ya galaksi, miaka ya nuru kama 25,900 kutoka Jua.

Meli tatu zilikuwa mezani. Anaconda inaruka mbali, lakini ni karibu milioni 147 na nilishapata somo langu kuhusu bima. Diamondback Explorer ni nafuu mno, haifiki milioni 2, inaruka vizuri na haipati joto ovyo. Karibu niichukue. Kilichonizuia ni kichota mafuta, kile kifaa kinachokuwezesha kujaza tangi kwa kupita kandokando ya nyota. Nafasi kubwa zaidi ya Diamondback ni ya 4. Asp Explorer, ambayo bei yake ni milioni 6 na kitu, ina nafasi ya 6. Ukiwa na miruko zaidi ya 700 mbele yako, na mafuta yote unayachota njiani, tofauti ya sekunde chache kwenye kila nyota inajumlika kuwa saa nzima ya maisha yako. Halafu Asp ina kioo cha mbele kipana mpaka chini ya miguu, na mtu anayekwenda kutazama nyota anahitaji dirisha.

Kwenye kichota nikapata bahati ya wazi. Bei huzidishwa mara nne kwa kila daraja. Kile cha 6A kilikuwa zaidi ya milioni 28, bei ya meli nne. Cha 6B ni robo ya hapo, na hakichoti taratibu kiasi cha kukukera. Ile B niliyoilaani kwa uzito, hapa haina shida yoyote, kwa sababu vichota mafuta havina uzito kabisa kwenye hesabu za gemu, vya madaraja yote. Nikachukua B bila kufikiri mara mbili.

Vingine nilivipanga kwa swali moja: hiki kikipungua tani, kitanizuia nisirudi nyumbani? Injini ya kuruka, 5A, hiyo haina mjadala, ndiyo meli yenyewe. Vihisi na mfumo wa hewa, D. Mtambo wa umeme niliweka mdogo kuliko nafasi yake lakini wa daraja A, kwa sababu A hutoa joto kidogo na unaposhinda pembezoni mwa nyota joto ndilo adui. Silaha zote nikatoa. Huko hakuna wa kumpiga. Kigawa umeme niliweka kidogo kupita kiasi, na nilipojaribu kubonyeza kitufe cha kusukuma kwa ghafla meli haikuitikia. Nikarudi kituoni, nikaweka kinachofuata.

Ikabaki ngao. Rafiki yangu, yule yule, safari hii alikuwa upande wa pili.

"Itoe, kaka. Huko hakuna maharamia. Utaongeza umbali."

Niliangalia: 3D, tani 2. Nikamwambia hapana. Hakuelewa kwa nini nimekuwa mkali.

Asp iliyotoka dukani inaruka chini ya miaka ya nuru 15. Yangu ilipomalizika ilikuwa inakaribia 35, na sikuwa hata nimepita kwa Felicity Farseer, fundi wa ndani ya gemu anayeboresha injini za kuruka, kwani sikuwa bado na cheo cha uvumbuzi anachokitaka.

Tangi la Asp ni tani 32 na injini hiyo inakula mpaka tani 5 kwa mruko mrefu. Kwa hiyo tangi ni miruko sita hivi. Nyota zinazochoteka ni za aina O, B, A, F, G, K na M, nami nilijitungia cha kukariria: Oya, Bwana, Acha Fujo, Gari Kwanza Mafuta. Nilikikariri vizuri, ila sikukitumia. Kwenye ramani unaweza kuchuja njia ipite nyota hizo peke yake. Nilikuwa nimeondoa kichujio ili niitazame nyota moja ya ajabu, nikasahau kukirudisha. Nikatokea kwenye kibete cha kahawia, nyota hafifu isiyochoteka. Mruko uliofuata, kibete kingine. Uliofuata, kingine tena. Mafuta tani 4.3, na nyota ya karibu inayochoteka ilikuwa umbali wa miaka ya nuru 34.

Wapo wachezaji wa kujitolea, Fuel Rats, kazi yao ni kuwapelekea mafuta waliokwama, popote. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namna ya kuwaita, kisha nikakumbuka kwamba ulaji wa mafuta hauendi sawasawa na umbali. Ukiruka nusu ya uwezo wako hutumii nusu ya mafuta. Unatumia chini ya robo. Nikabadilisha njia kuwa ya kubana matumizi, ikaniletea miruko mitatu midogo badala ya mmoja mkubwa. Nikazima kila kisichohitajika, ngao ikiwemo, kwa vile umeme nao unakula mafuta. Wa kwanza, wa pili. Wa tatu nikatokea mbele ya nyota ya aina ya K, ya rangi ya chungwa, imejaza kioo chote. Kichota kikafunguka. Nilikaa pale mpaka tangi likafurika, joto likipanda hadi asilimia 70, na sikuwa na haraka hata kidogo.

Sagittarius A* nililiona. Halitoi mwanga, unachoona ni nyota za nyuma yake zikipindana na kuzunguka ukingo wake kama taswira kwenye maji. Nilizima sauti, nikatazama. Kisha nikaanza kurudi, na huku ndiko kwenye hatari, kwa sababu data zote za uvumbuzi zinakaa melini mpaka uziuze. Meli ikilipuka, bima inakurudishia meli. Data zimekwenda, na kwangu zilikuwa za wiki tano.

Njiani nikatamani kutua kwenye sayari moja yenye milima mirefu. Sikusoma uvutano: zaidi ya mara 2 ya Dunia. Injini zangu nyepesi za D hazikuweza kuushika uzito. Nilibonyeza kitufe cha kupanda, namba za mwinuko zikaendelea kushuka, mita 60, 40, 15, kwa utulivu wa kutisha. Nikapigiza tumbo kwenye mwamba. Duara za samawati za ngao zikawaka, zikapasuka, zikatoweka zote. Meli ikadunda, ikatua tena, ikakaa. Bodi, asilimia 91.

Nilipiga picha ya skrini, nikamtumia rafiki yangu bila maneno. Akajibu baada ya muda: "Ile ya tani 2?"