Keremkerem wamepita, mbayuwayu wa Kitulo ameshafika

Vumbi la Uyole, hapa Mbeya, bado ni lile lile, milima ya Poroto bado ina makovu meusi ya moto wa kiangazi, na mvua ya kwanza hatujaiona. Lakini angani mambo yameanza. Jumanne asubuhi keremkerem, wale ndege wala nyuki, wamepita juu ya Igawilo, kundi kubwa, juu kweli kweli, na wangenipita bila habari kama si sauti zao. Wanaitana njia nzima, prrut, prrut, huyu akiita yule anajibu, na ukiinua macho unaona vidoa tu vinavyoelekea kusini.

Hawa wanatoka mbali. Huko Ulaya Mashariki na Asia ya Kati, mwezi wa Agosti joto linapoanza kuishiwa nguvu, mchana unafupika na wadudu wanapungua. Ndege anayekula nyuki na kereng'ende hawezi kungoja theluji imkute. Anaondoka mapema, angali na mafuta mwilini, na kwetu anafika Septemba ikiisha au Oktoba. Wengi hawakai, wanaendelea hadi Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mfanyabiashara wa viazi. Nanunua Kikondo na vijiji vya jirani, nauza soko la Mwanjelwa. Njia yangu ya kupanda kutoka Isyonje ndiyo njia ya ndege, na kiti cha dirishani kwenye Fuso ni mahali pazuri kuliko pote pa kuwatazama, mradi dereva akubali kusimama. Wangu anakubali.

Isyonje mbayuwayu wa Ulaya walikuwa wamejaa kwenye nyaya za umeme. Nilishuka nikawatazama kwa darubini gunia zikiwa zinapangwa. Wakubwa wana koo la rangi ya kutu na utepe wa buluu iliyokoza kifuani. Lakini wengi wao walikuwa watoto wa mwaka huu, mkia mfupi, koo limepauka. Mmoja alikuwa karibu kabisa, nikaona manyoya ya bawa lake yalivyochakaa kwenye ncha. Manyoya hayo atayabadilisha huku huku Afrika kabla ya kurudi Machi au Aprili. Ana uzito wa gramu 20 hivi. Kiazi tunachokiacha shambani kwa udogo kinamzidi. Juni alikuwa kiotani kwenye zizi la mtu, na leo yuko Isyonje anakula nzi wa mavi ya ng'ombe wetu. Mimi jambo hili sijawahi kulizoea.

Teleka nao walikuwepo, juu zaidi, mbawa kama mundu. Usiwatafute kwenye nyaya, hawatui. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walitangaza kwamba teleka wa kwao, waliofungiwa vifaa vidogo mgongoni, walikaa angani hadi miezi 10, wanakula humo humo.

Ila niliyemfuata hasa hakutoka Ulaya. Ni mbayuwayu buluu, na huyu nataka tumzungumze taratibu.

Yeye anahama ndani ya Afrika. Baridi yetu ikianza anakwenda kwenye nyasi za pande za Ziwa Victoria, Uganda na mashariki ya Kongo. Septemba na Oktoba anarudi kwenye nyanda za juu, Kitulo ikiwa mojawapo, na tofauti yake na hao wengine ni kwamba huku ndiko anakozaa. Keremkerem anapita na mbayuwayu wa Ulaya anakuja kula. Huyu wetu anatengeneza kiota, tena ardhini: ndani ya shimo la muhanga, yule mnyama anayechimba kutafuta mchwa, au mahali udongo ulipodidimia, anabandika tope na nyasi kwenye dari ya shimo, na mayai yanakaa humo.

Tuliwakuta wawili mbele ya Kikondo, pale mashamba yanapoachia nyasi. Walikuwa wanaruka chini sana, karibu kugusa majani, wanakata kona bila kupunguza mwendo. Kwenye kivuli utasema ni weusi. Jua lilipompiga dume akawaka buluu mwili mzima, na mkia wake ni nyuzi mbili ndefu zinazofuata nyuma. Baada ya muda jike akazama kwenye shimo.

"Dada, unamtafuta muhanga?" dereva akaniuliza.

Kijana wa kupakia ndiye aliyejibu kabla yangu: "Hapana kaka, ni hao ndege. Sisi tukichunga tunawaona kila mwaka, shimo lile lile."

Shimo lile lile! Huyo kijana hajawahi kushika darubini, na anajua jambo ambalo watu husafiri nchi nyingi kulitafuta. Dunia nzima ndege hawa wamebaki wachache, wako kwenye orodha ya walio hatarini, na sababu kubwa ni kwamba nyasi za milimani zimegeuzwa mashamba na misitu ya misonobari na miwati, kuanzia Afrika Kusini mpaka kwetu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa 2005 na ina kilometa za mraba 412.9, nami nashukuru kwamba ipo. Lakini ndege hasomi bango la mpaka. Wale wawili walikuwa nje ya hifadhi, hatua chache kutoka kwenye tuta la mwisho la viazi.

Mimi nakula kwa viazi, wanangu wamesoma kwa viazi, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu aache kulima. Ninachowaomba wakulima ninaonunua kwao ni kidogo: lile bonde lenye majimaji ambalo hata viazi vinaoza humo, liachwe na nyasi zake, na shimo la muhanga lisifukiwe. Kama mnahofia ng'ombe kuvunjika mguu, zungushieni uzio wa fito. Mzee mmoja amekubali. Mwingine amesema atafikiria baada ya kuvuna, na nitamrudia.

Wanaokuja nyuma ni korongo weupe na kozi wa Amur, mvua na kumbikumbi vikianza Novemba. Kozi huyu ni mdogo, anatoka Siberia na kaskazini ya China, anapumzika India halafu anavuka Bahari ya Hindi kwa mkupuo mmoja. Walioko Mafinga na Makambako angalieni mashamba yaliyolimwa karibuni, na jioni baada ya mvua tazameni juu kumbikumbi wanapotoka. Korongo mwenye pete mguuni mpigeni picha namba isomeke, maana pete ina jina la kituo kilichomvisha na watamtambua. Andikeni tarehe na mahali, mniletee.

Na kama unataka kumwona mbayuwayu buluu mwaka huu, panda sasa. Desemba barabara ya Kikondo inateleza vibaya, itabidi uzungukie Chimala, upande zile kona 57 hadi Matamba. Chukua sweta, Oktoba kule juu bado ni baridi asubuhi.