Pointi 1000 za ngumi: kumbukumbu ya mradi wangu wa Wii, Ngamiani

Mradi ni huu: kufikisha pointi 1000 kwenye ngumi za Wii Sports, gemu la michezo la Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo unayoichezea kwa kutikisa rimoti. Ukifika hapo mashine inakuandika "Pro". Mpwa wangu, ambaye yuko darasa la sita na ndiye mpinzani wangu, kocha wangu na mtu wa kunicheka, anaona lengo lenyewe dogo, maana yeye keshapita. Naandika hapa kazi inavyokwenda pamoja na mambo ya ufundi, kwa sababu mtu mwingine wa pwani akiokota mashine kama hii atakutana na yale yale.

Masika: mashine imewaka

Mashine nimeipata kwa muuza mitumba ya vifaa vya umeme. Ilikuja na mzigo wa Uingereza, rimoti mbili, Nunchuk mbili (kishikio cha mkono wa pili, kinachoungwa kwa waya kwenye rimoti), vumbi la kutosha. Hilo la Uingereza msilipite haraka. Adapta za huko ni za umeme kama wetu, na plagi ni ile ile ya pini tatu bapa, unachomeka ukutani basi. Wii ya Japani adapta yake ni ya volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka hapa kwenye 230 bila transfoma, utasikia mlio mmoja tu. Na kama umeshanunua ya Japani, usiitupe: kinachoingia kwenye mashine yenyewe ni volti 12, ampia 3.7, kwa hiyo tafuta adapta nyingine, mashine iache kama ilivyo.

Faida ya pili ni diski. Wii ilipotoka mwaka 2006, Wii Sports iliwekwa ndani ya boksi moja na mashine karibu kila nchi, isipokuwa Japani na Korea Kusini. Yangu ilikuwa bado imo tumboni mwa mashine. Aliyeiuza huko hakujisumbua hata kuitoa. Mashine za Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 100 kabla hazijaacha kutengenezwa, ndiyo maana leo zinafika mpaka kwetu kwa bei ya kuku wawili.

Adui wa kwanza alikuwa chumvi. Anayekaa Tanga anajua hewa yetu inavyokula chuma, na rimoti zilizolala na betri ndani zilikuwa na ukoko wa kijani kwenye meno ya betri. Limau, mswaki mzee, halafu spiriti ya kukaushia. Rimoti moja ikaamka palepale. Ya pili ilitaka kukwanguliwa kwa sandipepa laini kabla haijawasha taa zake. Betri ni mbili za AA kila rimoti, na za bei rahisi kabisa zinachoka kabla ya jasho lako. Nimehamia za kuchaji.

Chogo dhidi ya flati

Nilianzia sebuleni kwa dada, kwenye TV ya flati ya inchi nyingi. Picha kubwa, lakini ngumi inachelewa. Unarusha, unasubiri, ndipo mtu wako anarusha. Sababu ni kwamba Wii inatoa picha ya zamani kwa ule waya wa njano, na flati lazima iipokee, iibadilishe, iinyooshe ienee kioo chote, ndipo ikuonyeshe. Ukiwasha modi ya gemu kwenye menyu ya TV ucheleweshaji unapungua, ila hauishi.

Ndipo nikakumbuka TV ya chogo iliyokuwa stoo kwa mama, imefunikwa kanga. Chogo haina kazi ya kubadilisha kitu, inachora picha kama inavyoingia. Tofauti niliisikia kwenye mkono kabla ya kuiona kwa macho. Ni nzito, inakula nafasi, na kona moja ina rangi ya zambarau, lakini kwa ngumi sitaki nyingine.

Mishumaa

Ule mwiko mweusi unaokaa mbele ya TV, ambao watu wengi wanadhani ndio unaokuona ukipigana, hauoni kitu. Ni taa tu. Ndani yake kuna vitaa vya infraredi upande wa kushoto na wa kulia, na kamera iko kwenye rimoti, pale mbele penye kioo cheusi. Kamera inaona madoa mawili ya mwanga na kupiga hesabu rimoti inaelekea wapi. Ngumi zenyewe hazihitaji hayo. Yanahitajika kwenye menyu tu, kuelekeza kile kidole cha kwenye kioo na kuchagua.

Naeleza haya kwa sababu waya wa ule mwiko panya walikwisha kuutafuna kabla haujanifikia. Mpaka fundi redio alipouunga, tulitumia mishumaa miwili, imesimama mezani mbele ya chogo kwa umbali wa kama sentimita 20. Mshumaa unatoa infraredi pia, na kamera haibagui. Shida ilikuwa upepo. Ukifungua dirisha mshumaa mmoja unazimika na kidole kinaruka kwenye kona ya kioo, ukifunga dirisha unapigana kwenye tanuri. Jirani mmoja alichungulia, akakuta chumba cha giza, mishumaa, mtu mzima anapiga ngumi hewani na mtoto anampigia makofi. Akaenda kwa mama moja kwa moja.

"Bi mkubwa, huyo mwanao kapandwa?"

"Mwache," mama akajibu, "hilo la kwake la umeme."

Kusi: rimoti haioni ngumi

Hapa ndipo penye kiini cha mradi, nitakaa kidogo.

Ndani ya rimoti kuna kidude cha kupima mchapuko, chipu inayoitwa ADXL330. Nunchuk ina kidude chake. Mkono ukitulia, kidude kinasikia mvutano wa dunia, kwa hiyo kinajua umeishika rimoti wima au umeilaza. Mkono ukishtuka, kinasikia mshtuko huo na upande ulikokwenda. Basi. Hakijui mkono wako uko wapi chumbani, hakijui kama umeunyoosha wote au nusu, hakijui kama nyuma ya konde kuna kilo 90 au 30. Tena kina dari: kinapima mpaka kama mara tatu ya mvutano wa dunia, na konde la hasira linapita hapo bila shida. Ukishapita, kubwa na kubwa zaidi yanasomeka sawa.

Mtaani kwetu ngumi ni jambo la heshima. Tanga ndiyo iliyomtoa Hassan Mwakinyo, na mwaka 2018 alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, watoto waliokuwa hawajui kufunga kamba za viatu walianza kufunga vitambaa mikononi. Mpwa wangu kampa mtu wake wa kwenye Wii jina la Mwakinyo, na nywele anambadilishia kila wiki. Kwa hiyo haikuchukua muda kabla jirani yetu mmoja, kijana aliyefanya mazoezi ya ngumi kwelikweli, na mifuko na kuruka kamba alfajiri, kusikia habari na kuja.

"Shikamoo anko," mpwa akamwamkia.

"Marahaba. Haya, leta hizo ngumi zako za betri."

Kioo kikagawanywa mara mbili. Anko alianza vizuri kwa macho yetu: kushoto, kushoto, kulia ya moja kwa moja, ya pembeni, kichwa kinakwepa, miguu inacheza. Kwenye kioo mtu wake alikuwa kama anafukuza nzi. Katika ngumi tano ilitoka moja, pengine mbili, maana bondia wa kwenye kioo lazima amalize konde moja ndipo apokee agizo lingine, na hizo za katikati zinapotea. Mpwa alisimama wima, mikono karibu na kidevu, anatoa ngumi fupi ya kukata, anarudisha, anatulia. Anatoa nyingine. Anko akahesabiwa raundi ya pili.

"Mashine hii haijui ngumi."

"Inajua anko. We unaongea nayo haraka, haijamaliza kusikia."

Lililonifunza zaidi lilikuwa kukwepa kwake. Bondia wa kweli anakwepa kwa kichwa na kiuno, mikono inabaki pale pale imelinda uso. Ni sahihi kabisa ulingoni. Lakini rimoti iko mkononi, haiko kichwani. Anko alipoinama vizuri kuliko wote tuliokuwamo mle ndani, mikono yake haikuinama, kwa hiyo mtu wake alisimama kama nguzo na kula konde zima. Kwa Wii unakwepa kwa kuinamisha rimoti na Nunchuk kwa pamoja, kushoto au kulia. Mwili ukifuata ni mapambo yako mwenyewe.

Baada ya hapo nilianza upya kwa adabu. Nimeacha mapambano, nimeingia kwenye mazoezi ya gemu, ambayo yapo matatu: kupiga mfuko, kukwepa, na kulenga glavu za kocha. La kukwepa ndilo ninalolipenda. Unarushiwa mipira, kazi yako ni kuinamisha mikono tu, na ndani ya dakika chache unajua mashine inataka mwinamo wa kiasi gani. Ni mdogo kuliko nilivyokuwa nikiufanya.

Mfumo wangu sasa ni wa uvivu. Mikono juu. Nasubiri mpinzani aanze. Naona bega lake, nainamisha pembeni, ngumi yake inapita, nami natoa moja, natulia, natoa ya pili. Konde linalokuja baada ya kukwepa linamla afya kuliko ya kukurupuka. Akiziba uso, nashusha mikono kidogo na kumpiga tumboni mpaka afungue. Afya inaonyeshwa kwa duara linalokatwa vipande, na nimejizuia kulitazama, maana ukiona kimebaki kipande kimoja unapata kiherehere na kuanza kurusha ovyo kama zamani.

Pangaboi na mengineyo

Pangaboi linafika chini kuliko unavyodhani. Konde moja la chini kwenda juu na rimoti ikakutana nalo likiwa namba tatu. Rimoti nzima, jani moja la feni limepinda na linalalamika mpaka leo. Sasa tunapigana tumelizima, jambo ambalo kwa joto la Tanga ni adhabu tosha.

Kamba za mkononi, fundi cherehani amenishonea mpya za utepe wa begi. Si la kupuuza: Desemba 2006 Nintendo walilazimika kujitolea kubadilisha kamba zaidi ya milioni 3 baada ya rimoti kuchomoka mikononi na kuruka kwenye vioo. Waya wa Nunchuk, karibu mita moja, unakuchapa kifua ukichangamka. Upitishe nyuma ya shingo, juu ya mabega.

Kuhusu jasho: watu wananiuliza kama ni mazoezi ya kweli. Utafiti uliofanywa University of Wisconsin-La Crosse kwa ajili ya American Council on Exercise ulipima michezo yote mitano ya Wii Sports, na ngumi ziliongoza, wastani wa kalori 7.2 kwa dakika. Ila hiyo ni kwa mtu anayejitupa. Kwa huu mtindo wangu wa kusubiri na kukata, sina hakika kama nachoma hata chapati ya asubuhi. Nimejikuta na ugomvi ndani ya mradi: nikitaka pointi natulia, nikitaka jasho nashindwa. Suluhisho kwa sasa ni kucheza na magoti yakiwa yamekunjwa na miguu ikitembea muda wote, kwa kuwa miguu mashine haiioni kabisa na naweza kuifanyia nitakavyo. Kipimo cha gemu cha umri wa mwili, kile kinachokupa kati ya 20 na 80, nimekifanya. Jibu siliandiki hapa.

Kuna wanaonishauri nihamie mashine za baadaye. Kifaa cha kuongezea kwenye rimoti, MotionPlus, kilikuja 2009 na kinajua mkono unavyozunguka, lakini Wii Sports ya 2006 haikitumii, na Wii Sports Resort iliyokuja nacho ina mapanga badala ya ngumi. Kinect ya 2010, ya mashine ya Xbox, inakuona mwili mzima kwa kamera. Hiyo ingempendeza anko. Fitness Boxing ya Switch, mashine ya Nintendo ya baadaye, ni mazoezi ya kufuata mdundo, hamna wa kukupiga, na kwangu ngumi bila mtu wa kukupiga ni rede bila mpira.

Hali ilivyo

Nipo 912. Ukishinda unapanda, ukipoteza unashuka, na watu wa mashine wa huku juu wameanza kukwepa wao pia. Anayetajwa na kila mtu ni Matt, bingwa wa ngumi wa gemu hili. Mpwa anadai ameshamwona, mimi bado.

Kilichobaki: kutafuta Nunchuk nyingine, kwa sababu moja inakatika waya ukiuvuta kulia; kunyoosha lile jani la pangaboi; na kumpangia anko siku ya marudio. Amesema anakuja Ijumaa baada ya Isha, na ameomba tumwekee zoezi la kukwepa kwanza, mlango ukiwa umefungwa.