Nyuzi 40

Mwezi Machi mwaka 2016 nilipanda boti kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, na ndani ya mkoba wa picha zangu za eksirei nilikuwa nimeweka kofia ya bulibuli iliyokuwa imenishinda kuimaliza kwa miezi saba. Baridi yabisi ilikwisha kuila gegedu ya viungo vya katikati katika kidole cha shahada na kidole cha kati cha mkono wa kulia, mifupa ikawa inasagana, na sindano ikawa inanidondoka kila nilipotaka kutoboa kitambaa.

Daktari alinieleza kwamba vidole hivyo viwili vingetibiwa kwa njia mbalimbali. Kile cha kati kingewekewa bawaba ndogo ya silikoni, ya namna aliyoibuni Dkt. Alfred Swanson huko Marekani katika miaka ya 1960, ambayo miguu yake hupenyezwa ndani ya mifupa bila gundi. Cha shahada kingegandishwa kabisa, yaani mifupa ya kiungo iunganishwe na kubaki katika mkunjo mmoja daima, kwa kuwa ndicho kinachosukumwa na gumba kwa ubavuni kila mtu anapobana kitu, na silikoni haiuhimili sana msukumo huo.

“Basi tuchague pembe, Mama,” akasema. “Mara nyingi huwa nyuzi 40.”

Nilicheka, naye hakujua kwa nini. Mdarizi akitajiwa nyuzi hufikiria za kwenye kibunda. Nikamtolea kofia. Alikunja kipande cha bati laini, akanifungia kidoleni kwa plasta, akaniambia nishone. Mara ya kwanza ncha ya kidole ilipita kando ya gumba. Akaongeza mkunjo kidogo, nikajaribu tena, na safari hii vidole vikakutana juu ya sindano, maumivu yakiwepo lakini sindano imetulia. “Hapa hapa, Daktari,” nikamwambia. Alipima, akaandika 45.

Siku ya upasuaji nilichomwa ganzi kwapani, nikabaki macho nyuma ya pazia la kijani, mkono wangu ukiwa mzito kama wa mtu mwingine. Nilisikia keekee ikilia, mlio ule ule wa maseremala wa mtaani kwetu, kisha daktari akitaja namba za bawaba, akijaribu moja, akiikataa na kuomba iliyo ndogo zaidi.

Kidole cha kati kilianza mazoezi baada ya siku chache, na hayo ndiyo yaliyonitoa machozi kuliko kisu chenyewe. Hata leo hakikunjiki zaidi ya nusu. Cha shahada kilikaa ndani ya banzi kwa wiki nane, mpaka eksirei ilipoonyesha kwamba mifupa imeshikana.

Kofia niliimaliza mwezi Desemba. Vitobo vya safu za mwisho ni vikubwa kidogo kuliko vya mwanzo, na kaka yangu, aliyeiagiza, aliivaa sikukuu ya Idi iliyofuata bila kuuliza lolote.