Korongo Alinishinda, Sambusa Ikafundisha Hisabati

Kila anayesikia kwamba nafundisha hisabati kwa origami, ile sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, hunipa ushauri uleule: anza na korongo, yule ndege wa karatasi, watoto watampenda. Wanaosema hivyo hawajasimama mbele ya watoto 78 wa darasa la sita, watatu watatu kwenye dawati, kipindi kikiwa cha dakika 40. Mimi niliufuata ushauri huo, basi ngoja nieleze ulivyonitenda.

Korongo wa Kijapani huanza na mraba wenye mikunjo minne: miwili ya kona kwa kona na miwili ya katikati. Ile ya kona kwa kona unaikunja karatasi ikiwa upande mmoja, kisha unailaza kwa upande wa pili ndipo ukunje ya katikati. Usipofanya hivyo, mikunjo yote minne inakuwa mabonde, yaani yote inaingia ndani upande uleule, na karatasi inagoma kujikusanya iwe mraba mdogo. Mtoto anailazimisha, kitovu cha karatasi kinakunjamana, na mkunjo uliokunjamana kitovuni haurekebishiki tena. Nilisema "geuza" mara moja tu. Nusu ya darasa waligeuza juu chini. Nusu nyingine walizungusha karatasi palepale mezani, na hawakukosea, kwa sababu neno "geuza" linabeba maana zote mbili. Tangu siku hiyo neno hilo nimelipiga marufuku. Kulaza upande wa pili ni "pindua chapati". Kuzungusha ni "usukani", robo au nusu. Hakuna aliyekosea tena.

Waliovuka hapo walikwama kwenye ule mkunjo unaofanana na ua linalofunguka, ambapo unainua tabaka la juu huku kingo mbili zikiingia ndani kukutana katikati. Mikunjo mitatu inatembea kwa wakati mmoja. Huwezi kuueleza kwa maneno, lazima ushike mkono wa mtoto, nami mikono ninayo miwili. Kengele ilipolia tulikuwa na korongo tisa, wawili kati yao wana mikia pande zote na hawana kichwa. Hisabati iliyofundishwa siku hiyo ni sifuri.

Kilichofuata nilikipanga kwa sharti moja: hakuna hatua yenye mikunjo zaidi ya minne, na mkunjo wenyewe ndio uwe somo. Mnyama kama atatokea, atokee kwa bahati.

Ushauri mwingine uliokuwa ukiniudhi ni wa kununua karatasi maalumu za rangi. Za nini? Kwenye duka la fotokopi kuna shehena ya karatasi zilizoharibika, zimechapwa upande mmoja. Mwenye duka alinipa rundo kwa bei ya soda mbili tatu. Rimu mpya ingekula elfu kumi na kitu. Tena hizo zilizochapwa ni bora kuliko nyeupe, kwa sababu upande wenye maandishi unaonekana kutoka mbele ya darasa: nikisema "maandishi chini", namwona aliyekosea akiwa dawati la mwisho.

A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukikata mraba wa 210 kinabaki kipande cha milimita 87 kwa 210, usikitupe, nitakirudia. Mashine ya kukatia ya dukani usiilishe karatasi 100 kwa mpigo. Kisu kinasukuma rundo, karatasi za chini zinatoka na upana tofauti na za juu, na mraba wenye upungufu wa milimita 2 hukunji kona kwa kona ukapata kingo zinazolingana. Mimi nakata 20 kwa mara moja. Kabla ya kugawa nachukua moja ya juu na moja ya chini, nakunja kona kwa kona. Kikichungulia kijiukingo chochote, rundo lote linarudi kukatwa.

Amri darasani ni tatu. "Kitabu" ni kulinganisha ukingo na ukingo. "Sambusa" ni kona kwa kona. "Bahasha" ni kuleta kona zote nne katikati. Baada ya kila amri, karatasi zinainuliwa juu na hakuna anayeendelea mpaka nimeziona zote. Wanaofanya haraka hununa, waache wanune. Mkunjo unakandamizwa kwa kucha au kwa mgongo wa rula, kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia upande mmoja karatasi inateleza na kosa lote linajikusanya upande wa pili. Madawati yetu yamechorwa kwa visu kwa miaka mingi, kwa hiyo daftari linatangulizwa chini ya karatasi, vinginevyo mkunjo unafuata mtaro wa jina la mwanafunzi wa zamani.

Bahasha peke yake ni kipindi kizima cha eneo. Kunja mara moja, eneo ni nusu. Mara ya pili robo, ya tatu moja ya nane. Matabaka yanakwenda kinyume: 2, 4, 8. Usidai ya nne, karatasi inakuwa nene na kona zinakataa kufika katikati. Mtoto mmoja huwa anabisha kwamba karatasi "imepungua". Mwambie aikunjue.

Sasa theluthi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapojivunia.

Kugawa karatasi mara mbili, nne, nane ni rahisi. Kugawa mara tatu kwa macho ni vurugu, kwa sababu kosa dogo la sehemu ya kwanza na la pili yote yanalipwa na ya tatu. "Mwalimu, yangu imebaki!" utaisikia kila kona. Kwa vipande vile vya milimita 87 kwa 210 natumia mistari ya daftari. Laza kipande mshazari juu ya ukurasa, kona moja ya ukingo mrefu iguse mstari mmoja, kisha kizungushe mpaka kona ya pili ya ukingo huohuo iguse mstari wa kumi na nane kutoka pale. Kikivuka kwenda ukurasa wa jirani, hewala, mradi mistari ya kurasa mbili ilingane. Weka alama ukingo unapokata mstari wa 6 na wa 12. Hizo ni theluthi. Nafasi kati ya mistari zinalingana, basi hata ukikata mshazari vipande vinalingana. Ukitaka sehemu tano, hesabu mistari 15, weka alama kila mstari wa tatu. Kwenye kipande hichohicho kunja theluthi kwa urefu na robo kwa upana, paka rangi theluthi mbili, chora mistari kwenye robo tatu. Vyumba vyenye rangi na mistari ni 6 kati ya 12. Hiyo ndiyo 2/3 mara 3/4, na sihitaji tena kusema "juu kwa juu, chini kwa chini".

Njia ya pili haina daftari wala rula. Inatokana na Kazuo Haga, Mjapani aliyekuwa mtaalamu wa biolojia wala si wa hisabati. Mraba uwe wa sentimita 24, na A4 haitoshi, kwa hiyo natumia karatasi ya kaki ya kufunikia madaftari. Anza "kitabu" lakini usikandamize mkunjo wote. Finya ukingo wa juu tu upate alama ya katikati. Chukua kona ya chini kulia, ipandishe mpaka ncha yake iguse alama, kisha kandamiza. Uliokuwa ukingo wa chini sasa umelala mshazari na unaukata ukingo wa kushoto. Pale unapokata ni sentimita 8 kutoka chini, theluthi moja kamili. Ncha ikikosa alama kwa milimita 2, theluthi nayo inakosea karibu hivyohivyo. Ndiyo maana nawaambia waiweke ncha kwanza, waishike kwa kidole, ndipo walaze mkunjo. Wengi hulaza mkunjo wakitumaini ncha itafika.

Sikuishia hapo. Mkunjo huo mmoja unazaa pembetatu mraba tatu. Juu kulia kuna yenye pande 9, 12 na 15. Juu kushoto, 12, 16 na 20. Na ile ndogo iliyochomoza nje ya ukingo wa kushoto ni 3, 4 na 5. Wanapima kwa rula, wanazidisha kila upande kwa wenyewe, wanajumlisha. 9 na 16 ni 25. 81 na 144 ni 225. 144 na 256 ni 400. Kanuni ya Pythagoras imejileta yenyewe. Usitumie mraba wa 21 kwa zoezi hili: theluthi itatoka sawa, lakini vipimo vya pembetatu vitakuwa na desimali ndefu na watoto watadhani wamekosea. Ukubwa uwe unaogawanyika kwa 24, na kwa mikono ya watoto ni 24 yenyewe.

Pembe ya nyuzi 60 ni mikunjo miwili tu. Kunja kitabu, ukunjue, mkunjo usimame wima. Shika kona ya chini kulia, ipeleke mpaka iuguse mkunjo wa katikati, huku mkunjo mpya ukipita hasa kwenye kona ya chini kushoto. Kona ya chini kushoto sasa imegawanyika nyuzi 30 mara tatu. Protrakta za darasa letu ni nne, na mbili kati yake hazisomeki.

Lile la pembe za pembetatu kufikisha nyuzi 180 wengi hulifundisha kwa kuchana kona na kuzipanga. Kukunja ni safi zaidi, ila lina mtego ulionitia aibu mbele ya mkaguzi. Unaleta kichwa cha pembetatu kwenye kitako, kisha kona mbili za chini zinakuja kukutana nacho hapohapo, na pembe tatu zinajaza mstari mnyoofu. Mtego ni pale kichwa kinapotua. Nilisema "katikati ya kitako". Kwa pembetatu pacha ilikubali. Kwa nyingine zote pembe zilipishana au ziliacha pengo, na watoto wakahitimisha kwamba kanuni ni ya pembetatu pacha pekee. Kichwa hakitui katikati. Kinatua mguuni pa kimo, yaani pale mstari unaoshuka kutoka kichwani unapokutana na kitako kwa pembe mraba. Kuupata, kunja kitako kijilalie chenyewe huku mkunjo ukipita kichwani, kisha kunjua. Na kitako kiwe upande mrefu kuliko yote. Pembetatu yenye pembe butu ukiisimamisha kwa upande mfupi, mguu wa kimo unaangukia nje ya karatasi na hakuna pa kukunjia.

Wakati wa masika karatasi inavuta unyevu, inalegea, na mkunjo unajifungua wenyewe. Natunza rundo kwenye ndoo yenye mfuniko, na siku za mvua tunafanya vipande vya theluthi peke yake. Hivyo havihitaji mkunjo mkali.