Kuchagua Udhaifu Wako: Modi ya Origins katika Minecraft

Minecraft humpa kila anayeingia mwili uleule: mioyo kumi ya uhai, tumbo linaloishiwa chakula, mikono mitupu, na dakika kumi hivi za mchana kabla giza la kwanza halijaleta mazimwi. Aliyeucheza mchezo huu kwa miaka mingi anazijua hatua za mwanzo kwa ghibu, kuanzia kukata mti wa kwanza hadi kujichimbia shimo la kulala, na ujuzi huo ndio unaomchosha, kwa kuwa hapana tena jambo la kumtia hofu. Modi (nyongeza ya mchezo inayotungwa na wachezaji) iitwayo Origins, kazi ya mtunzi anayejulikana mtandaoni kwa jina la Apace100, inayavunja mazoea hayo mapema sana. Unapoingia katika dunia mpya, kabla hujagusa hata jani, hufunguka dirisha linalokutaka uchague asili yako, na asili hiyo ndiyo utakayoishi nayo.

Asili zinazokuja na modi yenyewe ni kumi, mmojawapo akiwa mwanadamu wa kawaida asiye na nyongeza wala pungufu. Nyingine zote zina vipawa, na zote zina kasoro. Watu wengi huvutwa na vipawa: huyu anaruka, yule anapita ukutani, mwingine haungui. Mimi nina maoni tofauti. Anayechagua kwa kutazama vipawa peke yake atachoka mapema, kwa sababu kipawa huzoeleka upesi, ilhali kasoro ndiyo inayoamua utajenga wapi, utasafiri lini na utamhitaji nani.

Kabla ya kufika huko kuna kazi ya kusakinisha. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliujulia mchezo huu kwenye simu, na toleo la simu, yaani Bedrock, halipokei modi za namna hii. Unahitaji toleo la Java, ambalo huendeshwa kwenye kompyuta yenye Windows, macOS au Linux. Unahitaji pia kufahamu kwamba modi haizungumzi na mchezo moja kwa moja, bali hupitia kipakiaji, yaani programu inayoiingiza modi ndani ya mchezo, na kipakiaji cha Origins ni Fabric. Ipo tafsiri ya modi hii kwa ajili ya Forge, kipakiaji kingine, lakini hapa naeleza njia ya Fabric kwa kuwa ndiyo ya asili.

Jambo linalowakwamisha watu wengi kuliko yote ni kulinganisha matoleo. Mimi hutumia Minecraft 1.20.1, toleo la Juni 2023, kwa kuwa modi nyingi zimetulia hapo. Ukichagua namba hiyo, basi kipakiaji, maktaba (msimbo wa pamoja ambao modi huutegemea) na modi yenyewe vyote viwe vimeandikwa 1.20.1. Angalia pia kwamba programu ya kuzindulia mchezo hupenda kukufungulia toleo jipya kabisa usipoiambia vingine, na modi ya toleo moja haitafanya kazi katika jingine kwa sababu tu namba zimekaribiana. Fungua kwanza mchezo wenyewe mara moja katika toleo hilo ili mafaili yake yapakuliwe, kisha ufunge. Pakua kisakinishi cha Fabric kutoka tovuti yao, kiendeshe, chagua 1.20.1, nacho kitaongeza wasifu (profile) mpya kwenye orodha ya programu ya kuzindulia. Baada ya hapo pakua mafaili mawili: Fabric API na Origins. Fabric API si sawa na kipakiaji ulichokwisha kukisakinisha, ingawa majina yanafanana. Ni maktaba inayotegemewa na modi nyingi, na ikikosekana mchezo utagoma kufunguka, lakini angalau utakutajia kwa jina kile kinachopungua.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, ingia folda ya .minecraft, kisha ile ya mods, na kama haipo uiunde mwenyewe kwa herufi ndogo. Yaweke mafaili yote mawili humo kama yalivyo, bila kuyafungua wala kuyatoa ndani ya jalada. Rudi kwenye programu ya kuzindulia, chagua wasifu wa Fabric, na uanze. Kama una dunia unazozipenda, nakili folda ya saves mahali pengine kabla ya kujaribu chochote. Na ukiweza, upe wasifu huu folda yake ya peke yake katika mipangilio, ili modi zisichanganyikane na mchezo wako wa kawaida.

Neno moja kuhusu usalama, nalo ni zito. Modi ni programu kamili ya Java inayoendeshwa kwa ruhusa zako zote, kwa hiyo inaweza kusoma chochote unachoweza kukisoma wewe. Mnamo Juni 2023 iligunduliwa programu hasidi iliyopewa jina la fractureiser, ambayo ilikuwa imepandikizwa ndani ya modi zilizokuwa zikipatikana CurseForge, tovuti ya kupakulia modi, nayo ilikusudia kuiba taarifa za kuingilia akaunti. Kama hilo liliweza kutokea kwenye tovuti inayojulikana, fikiria hali ya zile tovuti za vichochoroni zinazopakia upya kazi za wengine na kukutaka ubonyeze vitufe vitatu vya matangazo kabla ya kukupa faili. Pakua kutoka Modrinth au CurseForge, kwenye ukurasa wa mtunzi mwenyewe, na uishie hapo. Mafaili ni madogo, hata bando la siku linayatosha. Mchezo wenyewe ndio unaokula data.

Sasa twende kwenye kucheza. Mimi nilichagua Merling, kiumbe wa maji, na mpwa wangu akachagua Blazeborn, kiumbe wa moto, tukiwa kwenye dunia moja kupitia mtandao wa nyumbani. Kila kompyuta lazima iwe na modi ileile, vinginevyo hamtaingia pamoja. Dirisha la kuchagua huonyesha kiwango ambacho asili itabadilisha mchezo wako, na zote mbili zimewekwa kwenye kiwango cha juu kabisa. Haikuchukua muda kuona sababu yake.

Merling hupumua majini, huona vizuri chini ya bahari, huogelea kwa kasi na huchimba humo kana kwamba yuko nchi kavu. Akitoka majini, pumzi humwishia kama inavyomwishia mwanadamu aliyezama, yaani sekunde 15 hivi, kisha uhai huanza kumegeka. Kwa hiyo mti, ambao kwa kila mchezaji ndio mwanzo wa kila kitu, ukawa ni safari ya hatari. Nilijifunza kutafuta mbao kwenye meli zilizozama, kwa sababu huko kuna mbao nyingi zaidi ya zile ambazo ningeziokota ufukweni kwa pumzi moja. Mienge haiwashiki majini, lakini kwa macho ya Merling hilo si tatizo, na tanuri hufanya kazi chini ya maji bila manung'uniko yoyote. Mvua ndiyo sikukuu yangu: inaponyesha, na ukiwa chini ya anga iliyo wazi, pumzi haipungui, hivyo nilikuwa nikingoja mawingu kama mkulima anayengoja masika, na yakifika natoka na shoka.

Mpwa wangu aliyaona mawingu hayohayo kwa jicho jingine kabisa. Blazeborn huanzia Nether, ile dunia ya chini iliyojaa lava, na moto wa aina yoyote haumdhuru; anaweza kuogelea kwenye lava ambayo mchezaji wa kawaida angepotezea humo mizigo yake yote. Lakini maji humwumiza kila yanapomgusa, na mvua ni maji. Kila alipotaka kuvuka lango kuja kwangu ilibidi kwanza aulize, "Mjomba, huko kwenu kunanyesha?" Nami nikiwa ufukweni chini ya manyunyu, nikifurahia kukata miti yangu, nilimjibu asubiri.

Lango lenyewe lilikuwa kazi yangu. Hujengwa kwa obsidiani, jiwe jeusi gumu linalopatikana maji yanapokutana na lava, na bahari ninayo. Nilijenga fremu ya vipande kumi pembezoni mwa ziwa la lava lililo jirani na maji, nikaliwasha, nikavuka, lango la upande wa pili likajitokeza, nikageuka na kurudi kabla pumzi haijaniishia. Nether haina maji kabisa, hata ukiyamwaga kutoka ndooni yanageuka mvuke, kwa hiyo Merling hana cha kutafuta huko.

Ila anayo haja nako. Dawa ya kupumulia, ambayo kwa wengine ni ya kuzamia, kwa Merling ni ya kutembea nchi kavu. Hutengenezwa kwa samaki bunju, ambaye yuko mlangoni kwangu, lakini meza ya kuchemshia dawa haiundwi bila fimbo ya Blaze, zimwi la moto la Nether, na kianzio cha dawa ni mmea mwekundu wa Nether Wart, na vyote hivi hupatikana kwenye ngome za Nether. Mpwa wangu, ambaye mipira ya moto ya Blaze haimtishi, alizitembelea ngome hizo kama anayekwenda sokoni. Akanipa fimbo na mmea, nami nikampa chuma nilichokichimba chini ya bahari. Dawa ya kawaida hudumu dakika tatu, na ukiiongezea vumbi la redstone, madini mekundu ya mchezo huu, hudumu nane. Dakika nane za nchi kavu zilinitosha kufuga ng'ombe. Hakuna kanuni yoyote ndani ya modi inayowataka wachezaji wafanye biashara. Ilizuka yenyewe kwa sababu kila mmoja wetu alifungiwa nusu ya dunia.

Asili nyingine nitazipitia haraka. Elytrian huzaliwa na mabawa ambayo wengine huyapata mwisho wa mchezo, na hujirusha angani kila baada ya sekunde 30, lakini hulegea akikaa chini ya dari ya chini, hivyo kuchimba migodi kwake ni mateso. Enderian hujihamisha kwa kurusha lulu bila kuumia, ila naye huchukia maji, kwa hiyo ajenge jangwani au savana, ambako mvua hainyeshi. Feline haumii akianguka na Creeper, lile zimwi linalolipuka, humkimbia. Ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza, na ndiye aliyenichosha upesi kuliko wote, maana kasoro zake hazikulazimishi kubadili mpango wowote mkubwa. Phantom hupita ndani ya kuta, na kama mnacheza wengi mwe na makubaliano kuhusu ghala kabla hajaanza kutembeatembea.

Ukishindwa kabisa kuishi na ulichochagua, amri ya /origin gui itakufungulia tena dirisha la kuchagua, mradi dunia yako inaruhusu amri. Nawashauri wenye seva wasiifanye huduma ya bure, kwa kuwa Merling anayegeuka mwanadamu kila anapohitaji mbao hatatafuta meli hata moja iliyozama.

Anayetaka kutunga asili yake hahitaji kujua Java, lugha ya kuandikia programu. Modi husoma mafaili ya JSON, yaani maandishi yenye mpangilio maalumu, kutoka kwenye pakiti ya data: faili moja kwenye folda ya origins hutaja jina, maelezo, picha na orodha ya nguvu, kila nguvu ina faili lake kwenye folda ya powers, na faili la tatu kwenye origin_layers huiingiza asili yako katika orodha ya kuchagua. Katika faili hilo la tatu hakikisha replace imeandikwa false, maana ikiwa true asili zote kumi zitatoweka na itabaki yako peke yake. Mimi huanza kuandika faili la kasoro, ndipo nikafikiria kipawa kitakacholingana nayo. Ukimaliza andika /reload, na kama asili haionekani, fungua latest.log ndani ya folda ya logs, ambamo mchezo huandika makosa yake. Mara nyingi ni koma iliyosahauliwa.