Kutoka Iganga hadi Namugongo, mwendo wa wawili

Siku aliporuhusiwa kutoka wodini Iganga, Baba Mdogo aliniuliza jambo moja kabla hatujafika getini: pale alipoanguka, napakumbuka? Napakumbuka. Ni kwenye barabara kuu inayotoka Busia, upande wa Bugiri, karibu na kituo cha mafuta. Alikuwa anatetemeka meno yakigongana, na jua la saa saba liko utosini. Hospitalini walikuta malaria. Akadungwa artesunate, akawekewa dripu, kisha akapewa vidonge vya mseto vya kumalizia.

Msafara wa parokia ulikuwa umeshatangulia, maana tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda inayoadhimishwa Namugongo, haimngoji mtu. Kiongozi wetu alipiga simu akashauri tupande matatu mpaka Jinja tuwafuate. Kwa hesabu ya siku zilizobaki, alikuwa na haki. Baba Mdogo akakataa. Nadhiri yake ilikuwa kutembea kutoka nyumbani hadi Namugongo, na hakutaka kuwe na kipande alichokipita amelazwa kwenye kiti cha gari. Basi tukapanda bodaboda kurudi mashariki, tukipishana na mahujaji wanaokuja, ambao bila shaka walidhani tumeshindwa tunarudi kwetu. Dereva alishangaa zaidi: mtu analipa nauli, halafu anarudi kwa miguu alikotoka?

Niliona ni ukaidi wa uzee, na sijabadili mawazo sana. Ila mwendo ule wa pili ulikuwa na raha ambayo wa kwanza haukuwa nayo. Ukiwa msafarani, vijana wenye bendera wako mbele, nyimbo zinakusukuma, na hakuna anayetaka kuonekana wa mwisho. Baba Mdogo alikuja kuniambia kwamba homa ilimwanza tangu mpakani, akanyamaza asije akawachelewesha watu. Sasa hakukuwa na wa kumchelewesha. Tuliondoka saa kumi alfajiri, tukatafuta kivuli kabla ya saa tano, tukaendelea jua likishapoa. Mkoba wake niliubeba mimi. Akisema tukae, tunakaa.

Tulipita Iganga kwa mara ya pili, akampungia mkono mlinzi wa hospitali kama mtu anayeaga jirani.

Hapo Busoga ndipo aliponisimulia habari za Gonzaga Gonza, mmoja wa mashahidi wa Uganda, mzaliwa wa huko huko. Mei 1886, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipowahukumu vijana wa ikulu kule Munyonyo, waliswagwa kwa miguu kwenda Namugongo kuchomwa moto. Minyororo ilimchana Gonza miguu hadi akashindwa kuendelea, wakamuua kwa mikuki njiani, Lubaawo, tarehe 27. Hakufika. “Na bado ni mtakatifu,” akasema Baba Mdogo, huku akifunga kamba za viatu. Nikamuuliza kwa nini basi tusipande gari. Akajifanya hakusikia.

Kakira ni miwa mitupu, na malori yaliyosheheni miwa hupita karibu mno na anayetembea pembeni. Pale tulishuka kabisa kwenye majani. Jinja tukavuka Nile, daraja jipya lililofunguliwa 2018 likionekana na nyaya zake. Sina mengi ya kusema kuhusu Jinja, tulikuwa na haraka.

Msitu wa Mabira ndio nitakaoukumbuka. Barabara inaupasua katikati, hewa inapoa ghafla, na ukifika Najjembe wachuuzi wanakukimbilia na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, za moto. Tangu augue, Baba Mdogo alikuwa akinywa uji kwa kulazimishwa. Pale alikula paja zima, akaagiza gonja, akaniomba na yangu. Nilijua amepona.

Tulilala Mukono, na jioni ya tarehe 2 tukaingia Namugongo kupitia Seeta, tukisukumwa na umati. Wenzetu tuliwapata karibu na basilika, ile ya mviringo yenye nguzo 22 kwa mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Kiongozi akatuuliza tumeshukia wapi kwenye gari. Jibu alilopewa lilikuwa refu.

Kesho yake, baada ya Misa, vijana wawili walisema wanataka kurudi Busia kwa miguu. Baba Mdogo alikuwa ameshakalia kiti cha dirishani kwenye basi. Nadhiri, akawaambia, ilikuwa ya kwenda.