Okidi dirishani South B

Watu wengi hununua okidi ikiwa imechanua, wakaiweka sebuleni, na maua yakishadondoka wanaitupa wakidhani imekufa. Haijakufa. Yangu imechanua zaidi ya mara moja tangu niilete kwenye nyumba ya kupanga South B, ghorofa ya juu kabisa, isiyo na bustani wala kibaraza cha maana. Na kadiri ninavyokaa nayo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hali ya hewa ya Nairobi inalifaa sana ua hili, ilmradi utatue suala la maji.

Ninazungumzia Phalaenopsis, ile yenye majani mapana manene na maua bapa yaliyojipanga kwenye shina refu lililopinda. Kwao ni misitu yenye joto na unyevu ya kusini mashariki mwa Asia, nchi kama Ufilipino na Indonesia, na huko aghalabu haioti ardhini. Hujishikiza kwenye magome ya miti huku mizizi ikiwa hewani, ikilowa mvua inaponyesha na kukauka upepo unapovuma. Mti wenyewe hauumii, maana okidi hainyonyi chochote kutoka kwake.

Niliinunua kwa mzee mmoja mwenye kitalu kando ya Ngong Road. Nilimwomba aniuzie na udongo mzuri wa kuongezea, akatikisa kichwa. “Binti yangu, hii si waridi. Ukiitia udongo umeizika.” Akaitoa kwenye chungu palepale akanionyesha mizizi: minene, mingine ya kijivu kinachong'aa, mingine ya kijani. Akachukua chupa ya maji akaumwagia mmoja wa ile ya kijivu, na mbele ya macho yangu ukaanza kugeuka kijani, kuanzia pale maji yalipogusa na kuenea. “Ukiwa hivi, umeshiba. Ukirudi kijivu, mpe maji. Usihesabu siku.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa. Baadaye nilisoma nikaelewa sababu. Mzizi wa okidi umevikwa tabaka la seli zilizokufa, linaloitwa velameni, ambalo hufyonza maji kwa haraka. Likiwa kavu hujaa hewa na kuonekana la rangi ya fedha. Likilowa huwa angavu, na kijani kilichofichwa ndani kinajitokeza. Kijani hicho ni klorofili, ileile iliyo kwenye majani, kwa maana mizizi hii nayo hutumia mwanga. Kwa hiyo natumia chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye matundu chini na ubavuni. Nikitaka kujua kama ina kiu nakitazama tu. Mwezi wa pili, jua likiwa kali na hewa kavu, mizizi hugeuka kijivu baada ya siku chache tu. Mwezi wa saba inaweza kukaa kijani zaidi ya wiki, na hapo siigusi hata kama mgeni ananihurumia kwamba ua langu limesahaulika.

Ndani ya chungu kuna magome ya msindano niliyopata kwa wapasua mbao, makumbi ya nazi niliyokatiwa na muuza madafu, na makaa, haya haya ya jikoni. Makaa nayavunja kwa nyundo hadi vipande vidogo, napepeta vumbi, naosha. Makumbi hulowekwa na kubadilishiwa maji mara kadhaa ili chumvi itoke. Kazi ya mchanganyiko huu si kulisha mmea bali kuushikilia na kuacha hewa ipite. Baada ya miaka miwili hivi magome huoza na kushikana, na mizizi hukosa hewa. Wakati huo, maua yakishaisha, nahamishia mmea kwenye mchanganyiko mpya na kukata mizizi iliyolainika na kuwa tupu ndani.

Sasa maji, maana hapa ndipo Nairobi inapoleta ugumu. Ploti yetu, kama nyingi mjini, hupata maji ya kanjo, yaani ya mfereji wa jiji, siku fulani za wiki, na siku nyingine tunapewa maji ya chumvi kutoka kisimani. Maji ya kanjo, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini. Ya kisima yanajulikana na kila mtu aliyewahi kuosha nywele au kuchemsha chai kwayo: hayatoi povu vizuri na huacha ukoko mweupe kwenye birika. Kuna majira mgao ulikuwa mbaya, tukaishi kwa maji ya kisima kwa muda mrefu, na nikaona ncha za mizizi michanga, zile za kijani kibichi, zinakauka na kuwa kahawia moja baada ya nyingine. Chumvi inapojikusanya kwenye magome, mzizi hushindwa kuvuta maji hata ukiwa umelowa, na ncha, ambako ukuaji wote hufanyika, ndiyo huungua kwanza.

Tangu hapo okidi yangu hunywa mvua. Juu ya ploti kuna uwanja wa kuanikia nguo, wazi kabisa. Mawingu yakikusanyika napandisha mabeseni mawili, lakini siyaweki mara moja. Naiacha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na moshi wa mji hewani, halafu ndipo nayatandaza. Naya­chuja maji hayo kwa kitambaa, naya­jaza kwenye mitungi yenye vifuniko na kuiweka gizani, yasiote kijani wala kuzalisha mbu. Mvua za masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na za vuli, mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, zinanitosha karibu mwaka mzima, kwa kuwa okidi hainywi sana. Majirani walishanizoea. Jirani wa mlango wa pili hunipigia simu nikiwa kazini: “Mama, kumetanda mawingu, nikuwekee beseni?” Mitungi ikiisha kabla ya mvua, nakinga ya kanjo na kuyahifadhi.

Namwagilia asubuhi. Napeleka chungu kwenye sinki, namimina maji hadi yatiririke kwa matundu, nangoja kidogo, narudia, kisha naacha yachuruzike yote kabla ya kukirudisha. Maji yasituame chini ya chungu, na yasikae kwenye kitovu cha mmea pale jani jipya linapochomoza. Tone likibaki hapo usiku wa baridi, kitovu huoza, na Phalaenopsis hukua kwa kitovu kimoja tu. Natumia pembe ya karatasi ya shashi kulinyonya.

Mwanga ni rahisi. Dirisha langu linatazama mashariki, na jua la asubuhi linapita kwenye pazia jepesi jeupe. Wenye madirisha ya kaskazini au kusini wakumbuke tuko chini kidogo ya ikweta: jua liko upande wa kaskazini katikati ya mwaka, na upande wa kusini mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo dirisha lililokuwa salama Juni laweza kuchoma majani Desemba. Jani la kijani kizito sana lataka mwanga zaidi. Likianza kuwa la manjano au wekundu, vuta pazia.

Mbolea ni ya majimaji kutoka agroveti, robo ya kipimo kilichoandikwa. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, wakija, nawafuta kwa pamba iliyochovywa spiriti.

Sasa nije kwenye baridi, maana hii ndiyo sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Phalaenopsis haianzi kutoa shina la maua mpaka ipitie wiki kadhaa za ubaridi kiasi, chini ya nyuzi 25 hivi. Wakulima wakubwa wa Ulaya wanapotaka kuizuia isichanue mapema huiweka kwenye joto la nyuzi 28 au zaidi, na wakitaka ichanue huipoza kwa mitambo. Sisi hatuhitaji mtambo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ile baridi ya Juni hadi Agosti, tunayoilalamikia kila mwaka tukinunua masweta, huifanya kazi hiyo bure. Mradi tu ndani pasishuke sana chini ya nyuzi 15. Usiku wa Julai nasogeza chungu mbali kidogo na kioo, basi.

Mwezi wa nane naanza kuchunguza chini ya majani. Mwanzoni shina la maua na mzizi mpya hufanana. Mzizi una ncha ya mviringo, laini, inayong'aa, ilhali shina lina ncha bapa yenye kikunjo upande mmoja, kama glavu ya mtoto. Likishatokea sikigeuzi tena chungu, kwa kuwa shina hufuata mwanga na ukiligeuzageuza hupindapinda. Huchukua miezi miwili hadi mitatu hadi ua la kwanza kufunguka, na maua hukaa muda kama huo. Katika kipindi hicho ndizi mbivu haziwekwi chumba kile. Matunda yanapoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huangusha vichipukizi vya maua kabla ya kufunguka. Ndizi zangu ziko jikoni, mlango umefungwa.

Maua yakiisha, shina likiwa bado kijani nalikata juu kidogo ya pingili ya pili au ya tatu kutoka chini, na mara nyingine hutoa tawi jipya. Likikauka nalikata lote.

Wapo wanaouza okidi za porini zilizong'olewa mitini, hasa Ansellia yenye maua ya madoadoa ya chui. Nilipoletewa moja nilikataa. Kenya ina zaidi ya spishi 200 za okidi za asili, misitu yake inapungua, na biashara ya kimataifa ya okidi zote inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Za vitaluni zinatutosha.

Binamu yangu wa Nyali alinunua Phalaenopsis baada ya kuiona yangu. Imemea majani ya kupendeza na haijatoa shina hata moja, maana joto la Mombasa halipungui vya kutosha. Nilimshauri aongeze okidi nyingine, Dendrobium, ile ya aina inayopenda joto, na aiweke barazani. Imechanua, na anaimwagilia karibu kila siku, kitu ambacho yangu isingekistahimili.